Gari Dogo Lililokataa Kona

Mwaka ule nilikuwa nimechoka kwa namna ambayo usingizi hauiondoi. Hoteli ya Diani niliyokuwa nikifanya kazi ya matengenezo ilikuwa imefungwa. Kwanza zilikuja vurugu, kisha mvua zile zilizokata barabara, na wageni wakaacha kuja. Tulipunguzwa wachache wachache, wahudumu, wapishi, watunza bustani, hadi siku moja meneja akatuita sisi tuliosalia, akatuomba tukabidhi funguo. Nilikuwa na miaka thelathini na minane. Nilijua kurekebisha pampu za maji, mafeni, majokofu na taa, na kila asubuhi nilitoka Ukunda kwa miguu nikapita lango moja baada ya jingine kuuliza kama wanahitaji fundi. Walinzi walikuwa wameshanijua. Mmoja wao alizoea kutikisa kichwa kabla hata sijamfikia.

Mke wangu ndiye aliyekuwa na kazi. Alikuwa akipiga pasi katika mojawapo ya hoteli chache zilizobaki wazi, na kwa kuwa wenzake wengi walikuwa wamepunguzwa, alifanya kazi ya watu watatu. Akirudi alikaa kitandani na viatu vyake miguuni, akautazama ukuta. Hatukuwa tukigombana. Hata kugombana kunataka nguvu.

Tulikuwa tumepanga vyumba viwili nyumbani kwa bibi mmoja mwenyeji wa Ukunda, vyumba vinavyotazama ua mmoja mpana wa mchanga. Katika hali hiyo ndipo mama mkwe wangu alipotujia. Alikuwa akiishi peke yake Ramisi, alikokuja zamani akiwa msichana kutoka bara pamoja na mumewe, wakakata miwa mpaka kiwanda kilipofungwa. Mumewe alikufa, yeye akabaki na shamba lake dogo la mihogo. Alianguka akichota maji, akavunjika mguu. Hospitali ya Msambweni walimfunga plasta kuanzia kwenye kifundo mpaka juu ya goti, na walipomruhusu kutoka, mke wangu akasema hawezi kumwacha mama yake ajipikie kwa mguu mmoja. Kwa hiyo akaja kwetu.

Lazima nieleze jambo moja. Sisi watu wa bara, mwanamume na mama mkwe wake hawazoeani. Wazazi wangu walikuja na desturi hiyo kutoka Ukambani hadi kwenye shamba walilogawiwa Shimba Hills, wakanilea nayo. Hukai naye mkeka mmoja, hamtazamani usoni, hampeani kitu mkono kwa mkono. Desturi hiyo ni nyepesi kwa watu wenye maboma makubwa. Katika vyumba viwili, mmoja hana kazi na mwingine hana mguu, ilikuwa mzigo. Asubuhi nilimwamkia nikitazama mlango. "Shikamoo, mama." Naye aliitikia akitazama jiko, "Marahaba, baba." Basi, mpaka kesho yake. Mke wangu akiwa kazini, nilikaa ukumbini mwa nyumba upande wa barabara ili yeye apate ua, au yeye alijifungia chumbani ili mimi niupate. Siku zilikuwa ndefu sana.

Ndipo nikasikia habari za uwanja.

Bwana mmoja mfanyabiashara alikuwa amezungushia uzio kipande cha ardhi nyuma ya maduka ya barabara ya hoteli. Alikuwa ameagiza kutoka ng'ambo magari sita madogo ya kuendeshwa kwa rimoti, yale ya mbio za porini, yenye magurudumu ya vijino na mgongo mwembamba. Kila moja lilikuwa na urefu kama kutoka kwenye kiwiko mpaka ncha za vidole. Nia yake ilikuwa kuwakodishia wageni siku za kawaida, na Jumapili kuwakutanisha wapenzi wa mchezo huo, watu wenye magari yao wenyewe, kutoka Mombasa na hapo Diani. Lakini magari yake yalikuwa yametengenezwa kwa viwanja vya udongo mgumu. Kwenye mchanga wetu uliochanganyika na kokoto za matumbawe, hayakukubali kona. Ukikata usukani, magurudumu ya mbele yaligeuka lakini gari lenyewe liliendelea mbele moja kwa moja mpaka kwenye uzio.

Siku nilipofika langoni kwake alikuwa amesimama na kijana mmoja, fundi kutoka Nairobi, aliyekuja pwani kutengeneza redio na vinanda vya hotelini naye akakuta hoteli zimefungwa. Bwana yule alitusikiliza sote wawili.

"Nahitaji mtu mmoja," alisema. "Kila mmoja wenu achukue gari moja, betri mbili na chaja. Nawapa wiki moja. Jumamosi nitayaendesha yote mawili mwenyewe. Lile litakalonipendeza, fundi wake ndiye atakayebaki."

Nililibeba gari lile nyumbani kwenye kikapu cha sokoni, nimelifunika kwa kanga ya mke wangu. Niliona haya. Mwanamume wa umri wangu, asubuhi ya siku ya kazi, amebeba gari la kuchezea.

Mtu asiyejua hudhani kitu kidogo ni chepesi kurekebisha. Gari lile lilikuwa na kila kitu cha gari kubwa, ila kimedogoshwa hadi macho yakauma. Lilikuwa na shokamzoba nne za kumeza mitikisiko, kila moja kama kidole, zimejaa mafuta. Lilikuwa na tairodi mbili, yaani vile vifito vinavyosukuma na kuvuta magurudumu ya mbele, vyenye skrubu huku na huku ili uvirefushe au uvifupishe. Usukani wote uliendeshwa na kijimota kidogo ndani ya boksi jeusi, nacho kilipokea amri ya rimoti. Mota kubwa ilikaa nyuma kabisa, juu ya magurudumu yanayosukuma.

Betri moja ilidumu kama dakika saba. Baada ya hapo ilihitaji kuchajiwa muda mrefu, na umeme wa Ukunda ulikuwa ukija na kuondoka upendavyo. Kwa siku nzima niliweza kuliendesha labda mara nne. Ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja, hujui ni kipi kilichosaidia na kipi kilichoharibu. Kwa hiyo ilinibidi nibadilishe kitu kimoja, niendeshe dakika saba, ningoje nusu ya asubuhi, kisha nibadilishe kingine. Sijawahi kufanya kazi iliyonichosha namna hiyo nikiwa nimekaa.

Kwanza nilikuta usukani umelegea. Ukilishika gurudumu la mbele kwa vidole, lilicheza kushoto na kulia kabla halijamsogeza mwenzake. Viungo vilikuwa vimelika kwa mchanga, na gari lilikuwa likitangatanga hata kwenye mstari ulionyooka. Nilihitaji vipande vyembamba sana vya kujazia, vyembamba kuliko karatasi ya boksi na vigumu kuliko plastiki ya mfuko. Nilijaribu kopo la mafuta, likawa nene. Nilijaribu kifuniko cha maziwa, kikapasuka. Nikakaa uani nimeinamisha kichwa, bisibisi mkononi.

Sauti ikatoka mlangoni mwa chumba, nyuma yangu.

"Ile picha ya mguu wangu haina kazi tena."

Sikugeuka. Nilijua ni yeye, na nilijua anatazama pembeni. Alikuwa anazungumzia filamu ya eksirei aliyopewa hospitalini. Nikasikia kiti kikikwaruza, kisha magongo, kisha kimya. Nilipogeuka, bahasha kubwa ya rangi ya udongo ilikuwa juu ya kigoda katikati ya ua, naye amesharudi ndani.

Nilikata vijiduara kutoka kwenye ukingo, pale pasipokuwa na mfupa. Sikuweza kuukata mfupa wake. Vijiduara vile vilikaa sawasawa kabisa, na usukani ukaacha kucheza.

"Asante, mama," nilisema nikiutazama ukuta.

"Haya, baba."

Hilo lilikuwa la kwanza. La pili lilikuwa gumu zaidi, kwa sababu gari sasa lilinyooka lakini bado lilikataa kona. Nilichora njia uani kwa majivu, mviringo wenye kona mbili kali na mawimbi madogo ya mchanga katikati. Nilijua kwamba magurudumu ya mbele ya gari la kweli huangaliana kidogo kwa mbele ili gari litulie. Nikayaweka hivyo. Gari likatulia mno, likawa kama mtu aliyeamua kutosikia. Nikarefusha tairodi upande huu na kufupisha upande ule, hamna. Jambo lililonishinda ni kwamba sikuweza kuendesha na kutazama kwa pamoja. Ili kujua gurudumu gani linateleza, ilibidi nilale kifudifudi karibu na kona, shavu kwenye mchanga. Na nikiwa nimelala hivyo, nani angeshika rimoti?

Nilimwomba mke wangu jioni moja. Alishika rimoti, akazunguka mara mbili, akaligonga gari kwenye ndoo. Kisha akaiweka rimoti chini taratibu.

"Mume wangu, naomba uniache," alisema. "Mikono yangu imeshika pasi tangu alfajiri. Sioni hata hicho kigari vizuri."

Sikumlaumu.

Kesho yake nilikuwa nikiendesha mwenyewe, nikikimbilia kona na kuchelewa kila mara, wakati mama mkwe alipokuwa amekaa kivulini nje ya mlango wake, mguu wa plasta umenyooshwa juu ya debe. Alikuwa akichambua mchicha. Nadhani alikuwa ametazama muda mrefu.

"Linakwenda kama trela lililojazwa nyuma," alisema, kana kwamba anauambia mchicha wake.

Nilizima gari.

"Mama anasema nini?"

"Nasema ninachokiona. Ramisi tulikuwa tukipakia miwa kwenye trela za trekta. Vijana wavivu walijaza nyuma kwa sababu ndiko karibu. Basi trekta likifika kwenye kona ya mchanga, pua inakuwa nyepesi. Dereva anakata usukani mpaka mwisho na trekta linakwenda zake shambani. Alikuwa anatutukana sote. Tukishusha mafungu kumi tukayapeleka mbele, linageuka."

Alisema maneno hayo yote bila kuinua macho, na ndiyo maneno mengi zaidi niliyowahi kuyasikia kutoka kwake. Niliangalia gari. Mota nyuma. Betri, kitu kizito kuliko vyote, imefungwa katikati lakini imevutwa kuelekea nyuma. Nilikuwa nimesumbuka na pembe za magurudumu siku tatu, na uzito wenyewe sikuwa nimeufikiria hata kidogo.

Nikatoboa matundu mapya kwenye sakafu ya gari, nikaisogeza betri mbele kwa upana wa vidole viwili. Kisha nikaenda kwa muuza vifaa vya uvuvi nikapata risasi za mshipi, vile vizito vya kuzamishia ndoano, nikaziponda kwa nyundo ziwe bapa, nikazigandisha chini ya pua. Betri ilipokuwa tayari, nilisimama na rimoti mkononi nikisitasita. Nilijua kilichohitajika. Sikujua namna ya kukiomba.

Mwishowe niliiweka rimoti juu ya kigoda, kigoda nikakisogeza kwa mguu mpaka karibu naye, kisha nikarudi nyuma hatua nne.

"Mama," nilisema, "nahitaji mtu wa kuendesha. Mimi nilale pale nitazame magurudumu."

Aliitazama rimoti. Bibi mwenye nyumba alikuwa akianua nguo zake upande wa pili. Nilifikiri mama atakataa, nami ningemwelewa. Akajifuta mikono kwenye kanga, akainyakua rimoti.

"Hili gurudumu dogo ni usukani?"

"Ndiyo, mama. Na hicho kidole cha chini ni moto. Ukikivuta linakimbia, ukikiachia linapunguza."

Lilipoanza kwenda nililala chini. Mara ya kwanza aligonga ukuta. Mara ya pili alipita kona moja. Mara ya tatu nikaona kwa macho yangu: magurudumu ya mbele yaliushika mchanga, yakakata, na pua ya gari ikaifuata njia ya majivu. Nilimeza vumbi nikacheka peke yangu pale chini.

Bibi mwenye nyumba alisimama na nguo begani.

"Ati wewe na mkweo mwacheza gari?"

"Ni kazi, bibi," nilimjibu nikijipangusa. "Nimepewa na tajiri mmoja."

"Kazi njema," alisema, lakini alivyotabasamu nilijua kufikia alasiri mtaa mzima utakuwa umesikia. Mama mkwe aliweka rimoti juu ya kigoda akaingia ndani. Nikadhani mambo yameishia hapo.

Jioni mke wangu alirudi akiwa ameshaisikia habari hiyo njiani. Aliingia kwa mama yake, wakazungumza kwa sauti ya chini, kisha akaja kwangu.

"Mama anasema betri ikijaa asubuhi umwite," alisema. Alikuwa amechoka mno hata kushangaa. "Anasema kona ya pili ina kasoro."

Kweli ilikuwa na kasoro. Sasa pua ilipokuwa nzito, mkia ulikuwa mwepesi. Mama akiachia moto ghafla katikati ya kona, gari lilijizungusha likatazama lilikotoka. Siku mbili zilizofuata tulifanya kazi, yeye kivulini na mimi mchangani. Sikumtazama usoni wala yeye hakunitazama, lakini sote wawili tulilitazama gari, na ikawa tunazungumza kupitia hilo. Alinieleza alichokisikia mkononi kwa maneno yake mwenyewe, nami niliyageuza kuwa spana.

"Linaingia kwa kuchelewa," alisema, nami nikayafungua magurudumu ya mbele kidogo yatazame nje badala ya kuangaliana, likawa linaingia mapema.

"Linarukaruka kwenye yale mawimbi, likiwa hewani haligeuki." Nikamwaga mafuta mazito ya shokamzoba za mbele, nikatia mafuta mepesi ya cherehani, nikijua kwamba mpira wa ndani hautayapenda kwa muda mrefu. Likaacha kuruka, likawa linatambaa juu ya mawimbi na magurudumu yake yamegusa chini.

"Mkia unanikimbia." Nikaondoa risasi moja mbele, nikayafanya magurudumu ya nyuma yaangaliane zaidi kwa mbele. Mkia ukatulia.

"Usukani wenyewe una haraka kuliko mimi." Kwenye rimoti palikuwa na kitufe cha kupunguza upana wa mkato. Nilikipunguza kidogo kidogo mpaka akasema, "Hapo hapo. Usiguse tena."

Ijumaa alizunguka betri nzima, dakika zote saba, bila kugonga kitu. Betri ilipoisha aliweka rimoti chini akaomba maji. Nilimpelekea kikombe, na nilipofika karibu naye nilisahau kukiweka kigodani. Alikipokea mkononi mwangu. Sote wawili tuligundua wakati huo huo.

Jumamosi niliamka na homa ya uchovu, lakini nilikwenda. Fundi wa Nairobi alikuwa amefika kabla yangu. Gari lake alikuwa amelishusha chini mpaka tumbo likakaribia kugusa mchanga, amekaza springi, amepanua usukani mpaka mwisho. Bwana yule aliliendesha kwanza. Lilikuwa kama nyigu. Lilikata kona kwa ubavu likitupa mchanga, na yeye, ambaye alikuwa dereva hodari, alilicheza hivi na hivi, akilirudisha kila lilipotaka kujizungusha. Alikuwa akicheka. Kisha akachukua langu. Lilizunguka. Halikukosea kona hata moja. Alipomaliza mizunguko kumi alinirudishia rimoti kwa adabu.

"Umefanya kazi safi sana," alisema. "Lakini hili halina ukali. Naliendesha napiga miayo. Samahani, ndugu yangu."

Fundi wa Nairobi alinisindikiza mpaka langoni. Hakuwa mtu mbaya. "Pole, mzee," aliniambia. "Yako iko poa kabisa, hata imetulia kuliko yangu. Lakini bosi anataka moto, si unaona?"

Nilikwenda nyumbani polepole. Jua lilikuwa kali na magoti yalikuwa yakiniuma kwa kulala chini wiki nzima. Nilipoingia uani, mama mkwe alikuwa amekaa pale pale pake, na nadhani aliona kikapu kitupu akajua.

"Walisemaje?"

"Nimeshindwa, mama. Amesema linamchosha kwa utulivu."

Kisha akafanya kitu ambacho sikukitarajia. Aliniangalia. Macho yake yalikuwa madogo na yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi.

"Uliliweka kwa mikono yangu," alisema. "Yeye ana mikono yake. Kosa ni langu."

"Si kosa, mama."

"Kama angeliendesha mtu kama mimi, angelipenda."

Niliingia ndani nikalala mchana kutwa, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu nilipooa. Jumatatu nikarudi kwenye malango.

Zilipita kama wiki tatu. Mama alikuwa ameshafunguliwa plasta na alikuwa akijizoeza kutembea uani kwa gongo moja, mimi nikiwa ukumbini, wakati pikapu iliposimama mbele ya nyumba. Alikuwa bwana yule wa uwanja. Alishusha boksi lenye magari mawili yaliyovunjika mikono ya mbele, na moja lisilo na gurudumu.

"Wageni wenyewe ni wachache," alisema akijifuta jasho, "na hao wachache hawawezi kuyaendesha. Mama mmoja Mjerumani aligonga uzio mara sita akaomba aondoke. Mzee mwingine alilirusha likaingia kwenye duka la vinyago. Lile lako bado liko vile vile ulivyoliacha, hilo ndilo wanalogombania. Uliliweka vipi?"

Nilitazama mlango wa kutokea uani. Mama alikuwa amesimama hapo na gongo lake, akisikiliza, uso ameugeuzia upande wa jiko.

"Lilipimwa na mtu ambaye hajawahi kuendesha gari lolote maishani," nilisema. "Mama mkwe wangu."

Alidhani natania. Kisha akaona kwamba sitanii. "Basi njoo uyaweke yote matano hivyo hivyo," alisema. "Yule mwenzako atashughulika na yale ya mbio za Jumapili."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi. Ningependa kusema kwamba uchovu uliniondoka siku ile, lakini haukuondoka. Ulibadilika tu. Kila siku nilifungua magari yale yote na kuyapuliza mchanga kwa pampu ya baiskeli, nikayafunga tena, na kesho yake mchanga ulikuwa umerudi. Mpira wa shokamzoba ulivimba kwa mafuta ya cherehani kama nilivyotarajia, ikabidi niagize mafuta yenyewe kutoka Mombasa. Macho yangu yalianza kuhitaji miwani. Lakini nilikuwa na mahali pa kwenda asubuhi, na yule mlinzi wa kutikisa kichwa sikupita tena langoni pake.

Kabla mama hajarudi Ramisi, aliniambia kupitia kwa mke wangu kwamba angependa kuuona uwanja. Tulimpeleka siku ya mapumziko ya mke wangu, sote watatu. Fundi wa Nairobi alimletea kiti na soda, akamwita "mathe", yaani mama kwa lugha ya vijana wa Nairobi, naye akamtazama kana kwamba ameitwa jina la mtu mwingine. Bwana wa uwanja alimpa rimoti kwa mikono miwili, lakini mama alikataa. Alisema yeye ni mtu mzima na pale pana watu. Akakaa akatazama mgeni mmoja, mzee mwenye kofia ya majani, akizungusha gari taratibu.

"Huyo anakata usukani mapema," aliniambia kwa sauti ya chini. "Lakini linamsamehe."

Mke wangu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi kadhaa, na nilimgeukia kutazama kama ni yeye kweli. Alikuwa ameegemea uzio, amefumba macho, jua usoni. Baada ya dakika chache aliomba twende nyumbani, kwa sababu kesho yake alikuwa na zamu ya alfajiri.

Uwanja ule haukudumu. Wapenzi wa Jumapili walipungua, wengine walihamia Nairobi, na wageni waliporudi Diani walitaka mambo mengine. Ulipokaribia kutimiza mwaka wa pili bwana yule aliuza ardhi. Siku ya mwisho mimi na fundi wa Nairobi tuliyafunga magari kwenye maboksi, tukaondoa betri zote na kuzifunika ncha zake kwa utepe. Yeye alisema anakwenda Mombasa kujaribu kutengeneza simu, kwamba huko ndiko mambo yanakoelekea. Mimi nilikuwa nimeambiwa kuna shule moja upande wa Mkongani ambayo pampu ya kisima chake imekufa. Tulishikana mikono, nikafunga lango, nikampelekea funguo mlinzi wa maduka. Jumatatu nilikwenda Mkongani na spana zangu, nikaikuta pampu imejaa kutu mpaka ndani, nikakaa chini nikaanza kuifungua.